Bwana Misitu Anajibu: kitalu cha mkaa, kihamba, kinyungu na ngitili

Barua za msimu huu ni nyingi, na nusu yake zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: huu mti ni wa nani, na nani ana ruhusa ya kuukata? Nimechagua sita. Wanaotaka niwatafutie wanunuzi wa magogo wanisamehe. Nilistaafu kazi ya misitu, sikuhamia kwenye udalali.

MKAA NDIO SHAMBA LETU

Shikamoo Bwana Misitu. Mimi ni kijana wa Kilosa. Nachoma mkaa tangu nilipomaliza darasa la saba, na familia yangu inakula hapo hapo. Mwaka huu mkutano mkuu wa kijiji umepitisha kwamba msitu wetu uwe hifadhi ya kijiji. Wazee wanasema ni kwa faida yetu, ila sisi vijana tunaona tumefungiwa mlango. Mtu ukiambiwa usiguse msitu, unakula nini? Na huo msitu wenyewe utabaki kweli, au watakuja wengine kukata usiku sisi tukiwaangalia?
Mchoma mkaa, Kilosa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Swali lako la mwisho ndilo zito, nianze nalo. Msitu uliotangazwa hifadhi, kisha ukaachwa bila kazi na bila mapato, huliwa usiku. Nimeyaona hayo. Kibao kinasimikwa njiani, kamati inagawiwa sare, na baada ya misimu miwili pikipiki zinapita na magunia kama zamani, ila sasa zinapita saa nane za usiku. Mgambo asiyelipwa hawezi kukesha akilinda kitu kisichompa hata sabuni.

Lakini hifadhi ya kijiji si lazima iwe msitu uliotiwa kufuli. Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inakipa kijiji nguvu ya kutenga msitu ulio kwenye ardhi yake, kuandika mpango wa usimamizi, kutunga sheria ndogo na kuvuna. Narudia kwa sababu wengi hulisahau: kuvuna. Mazao ya msitu huo yakiuzwa, fedha huingia kwenye mfuko wa kijiji. Kule Kilwa vijiji vinauza magogo ya mpingo kutoka misitu yao wenyewe, na mwaka 2009 baadhi yake vilipata cheti cha FSC, ambacho humhakikishia mnunuzi wa ng'ambo kwamba gogo alilonunua limetoka kwenye msitu unaotunzwa. Vijiji vile havikufunga msitu, vilianza kuhesabu miti.

Nawe una bahati, kwa sababu Kilosa yenu imetangulia wilaya nyingi kwenye suala la mkaa. Tangu 2012, vijiji kadhaa vya huko vimekuwa vikichoma mkaa ndani ya hifadhi zao kwa utaratibu, vikisaidiwa na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania (TFCG) na mtandao wa vijiji vyenye misitu, MJUMITA. Chukua bodaboda uende Ulaya Mbuyuni ukajionee. Nitakueleza kwa ufupi utakachokuta.

Kwanza msitu hupimwa na kugawanywa. Maeneo ya mteremko mkali, vyanzo vya maji na kingo za mito hayaguswi. Sehemu inayobaki kwa ajili ya mkaa hukatwa vitalu vya mita 50 kwa 50, na uvunaji hupangwa uzunguke kwa miaka 24. Tuseme eneo lenu la mkaa lina hekta 2,400. Kila mwaka mna haki ya hekta 100 tu, yaani vitalu 400, basi. Tena vitalu hivyo havifuatani. Mnakata kimoja, mnaruka cha jirani, mfano wa ubao wa drafti. Kitalu kilichorukwa ndicho kinachopeleka mbegu kwenye kilichokatwa, na ndicho wanamokimbilia ndege na nyuki.

Mbona miaka 24? Kwa sababu miyombo na mitondoro ni miti yenye roho ngumu. Ukiikata vizuri, kisiki hutoa machipukizi mvua zikianza tu, kwa kuwa mizizi chini iko hai na ina akiba. Huhitaji kununua mche. Ila sikiliza masharti yake, maana hapa ndipo wenzako wengi wanapoharibu. Acha kisiki, usikate hadi usawa wa udongo, na wala usikichimbue eti kina mkaa mzito. Usitie moto kitalu baada ya kuvuna. Usipande ufuta wala mahindi humo. Mbuzi wasiingie mpaka machipukizi yawazidi urefu. Mkulima mmoja akifuata nyuma ya mchoma mkaa na jembe, ile hesabu ya miaka 24 imekufa. Kinachoufuta msitu wetu kwa kawaida ni shamba linalofuata baada ya tanuru. Tanuru peke yake hubeba lawama nyingi kuliko hatia yake, japo najua kuna wasomaji watakaoninunia kwa kusema hivi.

Mninga, mkongo na mpingo msiitie kwenye tanuru. Ni wendawazimu kuchoma mninga wa mbao ili uuze gunia la mkaa.

Tanuru lenyewe nalo lina siri zake. Magogo mabichi yanakula kuni nyingine kwa ajili ya kujikausha tu, kwa hiyo yaache yakauke kwanza wiki kadhaa. Yapange kwa kubanana, mazito katikati, madogo yajaze mianya. Funika kwa majani na udongo usioachia hewa, na lala hapo hapo. Tanuru lililopasuka usiku na mwenyewe amelewa kijijini huamkia majivu. Ukiweka bomba la kutolea moshi ni bora zaidi. Mti ule ule unaweza kukupa magunia mengi zaidi kwa ufundi tu, bila kuongeza shoka hata moja.

Sasa kuhusu vijana kufungiwa mlango. Mlango mtaufungiwa mkikaa nje mkilalamika. Kamati ya Maliasili ya Kijiji inachaguliwa, nanyi mgombee. Dai mpango wa usimamizi usomwe hadharani: eneo la mkaa ni hekta ngapi, nani ameandikishwa kuchoma, ushuru wa kila gunia ni kiasi gani, na fedha za mwaka jana zilikwenda wapi. Kijiji kinachojenga darasa kwa ushuru wa mkaa hulindwa na kila mzazi mwenye mtoto ndani ya darasa lile. Mkubaliane pia gunia ni lipi, maana mnunuzi wa Dar es Salaam atakuja na rumbesa lenye kilemba juu na kulipa bei ya gunia moja. Kanuni za uvunaji na usafirishaji hubadilika, hivyo kabla ya kuwasha tanuru la kwanza mpiteni afisa misitu wa wilaya awaambie zinazotumika leo.

Ukumbuke jambo moja zaidi unapopanga maisha ya watoto wako. Serikali ina Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo mwisho wake. Taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 zimeshakatazwa kuni na mkaa. Mkaa hautaisha kesho, lakini usimrithishe mwanao tanuru pekee. Weka mizinga ya nyuki kwenye vile vitalu mnavyoruka.

UTAJIRI WA MITIKI

Nina ekari tatu Muheza. Nimeambiwa nikipanda mitiki leo, baada ya miaka kumi nitakuwa tajiri. Ni kweli?
Mtumishi, Tanga

JIBU: Aliyekuambia anauza miche. Miaka kumi utapata fito na nguzo kutoka kwenye miti unayoipunguza. Mbao yenye kiini cha maana hutaka miaka 25 hadi 30. Shamba la mitiki la serikali, Longuza, liko hapo hapo wilayani kwako. Nenda ukatazame unene wa miti na umri wake kabla hujachukua mkopo benki. Ukipanda kwa mita 2.5 kila upande unapata miche 1,600 kwa hekta, nayo lazima uipunguze kwa awamu mpaka ibaki kama mia tatu. Wengi huona uchungu kukata mti mzima, basi wanabaki na msitu wa vijiti. Ushauri wangu: mitiki ipande mpakani na kwenye ekari moja, na ndani yake ulime mahindi miaka miwili ya mwanzo. Ekari mbili zilizobaki weka mdalasini, na pilipili manga ikipanda juu ya migilisidia. Muheza ni nchi ya viungo, na viungo vitakulisha wakati mitiki ikinenepa.

SHEMEJI ANATAKA KUFYEKA KIHAMBA

Shikamoo mzee. Ni mjane, naishi Kibosho. Marehemu ameniachia kihamba cha ekari moja na nusu. Kuna kahawa ya zamani, migomba, miruka mitatu mikubwa, mringaringa, msesewe mmoja, na migrevea mpakani. Shemeji yangu anasema kahawa hailipi tena, tukate vyote, tuuze mbao, tupande nyanya na parachichi. Watoto wako Dar, wanasema, "Mama, fanya unavyoona." Nionavyo mimi ni kulia tu.
Mama wa Kibosho

JIBU: Marahaba, mama, na pole sana kwa msiba. Tuanze na shemeji, maana miti inaweza kusubiri. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema wazi kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume. Mila inampa shemeji yako sauti kwenye kikao cha ukoo, haimpi panga. Waambie watoto wa Dar wasikuachie maneno ya kwenye simu. Aje angalau mmoja, mkae na ukoo, yaandikwe na yawekwe sahihi. Na ukienda kwa shemeji, nenda na jani la isale mkononi, ishara ya kuomba amani. Mchaga wa kweli harudishi isale, hata kama ana hasira.

Sasa kihamba. Watu waliozaliwa ndani yake hawakioni. Mgeni akipanda kutoka Moshi mjini huona msitu, kumbe anatazama shamba. Juu kabisa ni mruka na mringaringa, chini yake migrevea na miparachichi, kisha migomba, kisha kahawa, na chini magimbi na majani ya ng'ombe. Watafiti waliohesabu mimea ya kwenye vihamba vya Kilimanjaro walipata aina zaidi ya 500. Mwaka 2011 FAO iliutambua mfumo huu, pale Shimbwe Juu, kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu wa dunia. Umelishwa nao, umesomeshewa watoto nao, na ng'ombe wa zizini umewakatia majani humo bila kwenda porini.

Mruka usiuguse. Kivuli chake ni chepesi, kahawa inapenda, na ni jamii ya kunde, kwa hiyo unarutubisha udongo bila kudai mbolea. Ukiikata ile mitatu, jua litaingia mpaka chini, migomba itaanza kuomba maji mwezi wa nane, na mfongo wenu, ule mfereji wa kumwagilia, sidhani kama unapitisha maji kama ya zamani. Msesewe nao uache, ganda lake ndilo linaloikoleza mbege. Siku ukikosa mbege ya harusi ya mwanao kwa sababu uliuza msesewe kuwa ubao, hutanishukuru.

Migrevea ndiyo benki yako. Ipogoe matawi kila mwaka, kuni hizo. Kata iliyonenepa mmoja mmoja, na kila unapokata panda mwingine. Kabla ya kukata pita ofisi ya kijiji, kisha kwa afisa misitu, kwa sababu kukata na kusafirisha mbao kunahitaji kibali hata kama mti ni wako, na Kilimanjaro wako wakali. Hapa nina neno langu na wenzangu wa serikalini. Kwa miti ya asili kama mringaringa, usumbufu wa vibali umefanya watu wang'oe mche ukiwa na urefu wa goti, ili usije ukakua ukawa wa serikali. Mkulima aliyeulea mti miaka thelathini angepaswa kuuvuna kwa urahisi kuliko yule anayeiba hifadhini. Mpaka leo ni kinyume chake.

Kahawa ya zamani si ya kung'oa yote kwa siku moja. Kata theluthi ya mibuni kwa kurudishia, ichipue upya, mwaka unaofuata theluthi nyingine. Palipo na mibuni iliyokufa, pandikiza aina chotara za Taasisi ya Utafiti wa Kahawa (TaCRI) pale Lyamungo, hazisumbuliwi na chulebuni wala kutu ya majani kama hiyo ya babu. Utapunguza sana gharama za dawa.

Kwenye parachichi shemeji ana hoja, mpe. Mparachichi ni mti, unakaa vizuri pembeni ya kihamba panapopata jua, na soko lipo. Panda michache ya kubebeshwa. Nyanya hapana. Nyanya inataka jua tupu na kupuliziwa dawa kila mara, na wewe unalala, unapika na kuchota maji mita chache kutoka hapo. Kama anapenda nyanya, akalime shamba la tambarare kule chini.

MILINGOTI JUU YA KINYUNGU

Habari za kazi. Nalima kinyungu, yaani bustani ya kiangazi ya bondeni, huku Njombe. Jirani wa juu yangu amepanda milingoti (mikaratusi) mpaka kwenye chemchemi. Zamani mwezi wa tisa maji yalikuwepo, sasa mwezi wa saba kinyungu kimepasuka. Nikimwambia, anasema ni mabadiliko ya tabianchi. Je, ni kweli mti unakunywa maji?
Mkulima wa vinyungu

JIBU: Kila mti unakunywa. Unaokua haraka unakunywa zaidi, na mlingoti unakua haraka kuliko karibu kila mti tunaoujua. Haupukutishi majani kiangazi, mizizi yake inakwenda chini sana, hivyo ukiupanda penye chemchemi haulali mwaka mzima. Mvua zikipungua pia, ndiyo, maji yatapungua. Jirani yako anaweza kuwa na ukweli nusu, lakini ule nusu mwingine umesimama kwenye shamba lake.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au bwawa, na vyanzo vya maji vinalindwa vilevile. Chukua kamba, upime mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, muandike. Kama mna jumuiya ya watumia maji, iwe ndiyo inayozungumza naye, si wewe peke yako, maana mtaendelea kuishi jirani. Ikishindikana, nenda kwa afisa mazingira wa halmashauri na bodi ya maji ya bonde lenu.

Simchukii mlingoti. Nyanda za Juu Kusini zimejenga nyumba na kusomesha watoto kwa nguzo zake, na kuna vilima vya udongo uliochoka ambavyo hakuna mti mwingine ungesimama. Auhamishie huko juu. Pale chemchemini akate ndani ya zile mita 60, avune nguzo zake, asipate hasara. Lakini kisiki cha mlingoti kitachipua tena wiki chache baadaye, kwa hiyo machipukizi yavunjwe kila yanapotoka mpaka kichoke. Msiache kingo wazi, udongo utashuka kwenye kinyungu chako. Pandeni mivengi, mti wa asili wa penye maji, mwaka huo huo. Maji hayarudi msimu mmoja, uvumilie.

MICHE YA SHULE INAKUFA

Bwana Misitu, ni mwalimu Kongwa, Dodoma. Kila mwaka shule inaletewa miche, tunapanda siku ya kupanda miti, viongozi wanapiga picha. Mwezi wa nane miche yote imekauka. Tunakosea wapi?
Mwalimu

JIBU: Tazama kalenda, mwalimu. Siku ya kupanda miti kitaifa ni 1 Aprili, na Dodoma mvua huanza Desemba, zikifika Aprili zinaaga. Mnampeleka mtoto mchanga safari ndefu bila maji. Kama ni lazima mpande, pandeni mara tu mvua za kwanza zikishaloanisha udongo, na siku ya picha nendeni kupalilia.

Lakini huenda hamhitaji miche. Tembea kwenye eneo la shule na mashamba ya pembeni, utakuta vichaka vidogo vinavyofyekwa kila msimu. Vingi ni visiki vya miti ya zamani, mizizi iko hai chini ya ardhi. Huko kwenu sasa njia hii inajulikana kama kisiki hai. Chagua machipukizi mawili matatu yaliyonyooka, kata mengine yote, pogoa matawi ya chini ya hayo uliyoyaacha, funga kitambaa chenye rangi ili mwenye jembe na mwenye mbuzi wajue mti huu una mwenyewe. Rudi kupogoa mara kadhaa kwa mwaka. Niger walirudisha miti kwenye mamilioni ya hekta za mashamba kwa njia hiyo, tangu miaka ya 1980, na kule mvua ni chache kuliko Kongwa. Mti wenye mizizi ya miaka ishirini unakua mbio kuliko mche wowote wa kwenye mfuko. Wapeni kila mwanafunzi kisiki chake, akimaliza shule amkabidhi mdogo wake.

TUGAWANE NGITILI?

Mzee mwenzangu, salaam. Nina ngitili, hifadhi ya nyasi na miti ya kulishia kiangazi, niliyoachiwa na baba, Kishapu, ekari kama arobaini. Wanangu wanne wameoa, wanataka tuigawe kila mtu alime pamba na dengu. Wanasema nyasi hazina bei. Nimekataa, lakini nguvu zinaisha.
Mzee wa Kishapu

JIBU: Salaam, mzee mwenzangu. Wanao hawakuiona Shinyanga tuliyoiona sisi. Miti ilikatwa kwanza kwa ajili ya kufukuza mbung'o, kisha ikaja pamba, kisha watu wakahamishiwa vijijini na ngitili za zamani zikabaki bila mwenyewe. Mkoa ukaitwa jangwa la Tanzania. Mama zetu walipikia kinyesi cha ng'ombe na mabua ya pamba. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliodumu mpaka 2004. Wale mabwana walianza na vitalu vya miche, lakini walipowasikiliza wazee wakakuta dawa ilikuwepo: ngitili. Mwaka ule wa 1986 ngitili zilizoandikwa zilikuwa hekta 600 hivi. Mpango ulipokwisha zilikuwa zimevuka hekta 300,000, na kazi kubwa ilifanywa na watu kufunga eneo, kusubiri, na dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, kumtoza faini mwenye kuvunja.

Kwa hiyo waulize wanao maswali ya bei. Oktoba, nyasi zikiisha kote, ndama na ng'ombe wanaokamuliwa wanakula wapi? Ng'ombe mmoja aliyekufa kwa njaa ni magunia mangapi ya dengu? Nyasi za kuezekea, fito, kuni, dawa na asali mngelinunua kwa nani? Wakae chini wapige hesabu hiyo kwa kalamu, wasikujibu kwa mdomo.

Halafu wape kitu, maana kukataa tu hakuwezi kushinda vijana wanne wenye njaa. Ngitili msiigawe vipande, gaweni haki. Yupo atakayekuwa na mizinga, yupo atakayeuza nyasi za kuezekea, kuni za matawi makavu zigawanywe kwa zamu, na malisho yafunguliwe siku mnayokubaliana wote, ya ndama kwanza. Nendeni ofisi ya kijiji muombe hati ya hakimiliki ya kimila, iandikwe kwa majina yenu wote, ili siku ukiondoka asipatikane wa kuuza robo yake kwa mgeni.

Na mashamba wanayolima sasa yaongezeeni mazao kwa miti. Mgilisidia ukipandwa kwa mistari kati ya mahindi na kukatwa kabla ya kupanda, majani yake yakafukiwa, hufanya kazi ya mbolea. Ile migunga mikubwa inayopukutisha majani wakati wa mvua na kuyaota kiangazi, Faidherbia albida, msiikate hata ikisimama katikati ya shamba. Haiwanyimi mahindi jua, na maganda yake ng'ombe wanayagombania.

Kikao kifanyeni kabla ya mvua, wakati bado wanaiona ngitili ikiwa na nyasi na ya jirani ikiwa vumbi.

Waliouliza kuhusu mbegu za mkangazi na mvule watajibiwa toleo lijalo. Ndugu wa Liwale aliyetuma picha ya gogo la mpingo lisilo na alama ya nyundo ya serikali na kuuliza bei: sitakujibu wewe, nimempa ushauri mwenyekiti wako.